Mbwa Mkali Anatafuta Nyumba

Mhadhara kwa wafugaji na wakazi wa Mugumu, wilayani Serengeti

 

Ukitoka hapa kwa miguu kuelekea stendi utapita mageti yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Jana niliyahesabu, ni saba. Moja kati ya hayo halina mbwa tena. Alishakufa, rangi ndiyo imebaki. Maandishi yale ni fahari ya mwenye nyumba. Anamwambia mwizi, jaribu uone. Lakini siku mbwa huyohuyo atakapomrarua suruali kijana wa bodaboda, au atakapomng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira uani, fahari inageuka kesi. Jioni hiyo watu watakaa na kushauriana, na ushauri huwa wa namna tatu: auawe, akatupwe mbali, au apewe mtu mwingine. Nimekuja kuzungumza juu ya ushauri huo wa tatu. Ndio wenye huruma, na ndio tunaoutekeleza ovyo kabisa.

Nilikuwa bwana mifugo wa kata katika wilaya hii kwa miaka 27. Nimechanja ng'ombe, nimeogesha mbuzi, nimezalisha mitamba usiku kwa mwanga wa taa ya chemli. Na nimewatafutia mbwa nyumba, kwa sababu mtu akishindwa na mbwa wake humletea bwana mifugo, kama vile mwenye redio mbovu anavyoipeleka kwa fundi. Naomba niwaeleze habari za mbwa mmoja aliyeitwa Bosi.

Alikuwa wa kahawia, kifua kipana, sikio la kushoto limepasuka. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara anayehamia Mwanza, na nyumba aliyopanga kule haikuwa na nafasi ya mbwa. Alinisifia Bosi kwa kila hali. Halafu akashusha sauti, akaniambia kwamba Bosi akiwa anakula hapendi mtu karibu. "Ukishamwekea sufuria, ondoka." Nikaitikia. Kesho yake nikampeleka kwa familia moja upande wa Nata, watu wema, wenye mbuzi kumi na kitu na watoto watano. Walitaka mlinzi. Nikawaambia, mlinzi ndiye huyu. Wakauliza kama ana tatizo lolote. Nikasema hana, mzoeeni tu.

Siku ya nne, asubuhi na mapema, mama wa nyumba alimwekea Bosi ugali wa jana uliolowekwa kwenye mchuzi wa samaki. Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa akitembea uani na kikombe cha uji. Hakumchokoza mbwa, wala hakumgusa; alipita tu karibu na sufuria. Waliokuwepo walinisimulia kwamba Bosi aliacha kutafuna. Kichwa kikiwa bado ndani ya sufuria, mwili ukakauka kama gogo, jicho likamgeukia mtoto hadi weupe wake ukaonekana. Akanguruma, na kufumba na kufumbua akawa ameshauma shavu. Kabla ya saa nne Bosi alikuwa ameuawa kwa rungu nyuma ya zizi.

Nilifika mchana. Mtoto alikuwa ameshapelekwa hospitali. Alipona, kovu analo mpaka leo, naye sasa ni kijana mkubwa anayeniamkia kwa heshima kila tukikutana mnadani. Mama yake hakunifokea. Aliniuliza jambo moja: "Bwana mifugo, wewe ulikuwa unajua?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa najua. Nilisema kweli, ila nilichelewa kwa siku nne. Mhadhara wangu wote wa leo unahusu siku hizo nne.

Nianze na neno tulilolizoea, mbwa koko. Tunalitumia kama vile katika mji huu kuna kabila la mbwa wasio na watu, waliojizalia wenyewe majalalani. Tangu katikati ya miaka ya 1990, madaktari wa mifugo na watafiti wamekuwa wakipita katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti wakichanja mbwa. Kilichowasukuma ni mambo mawili: kichaa cha mbwa kilichokuwa kikiua watu wetu, na ule msiba wa mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ulipoangamiza takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu wakaanza kuwatazama mbwa wa vijijini kwa jicho jingine. Mtafiti kama Sarah Cleaveland amekanyaga vumbi la wilaya hii kuliko baadhi ya wabunge tuliowahi kuwachagua. Na mwaka 2010 Tiziana Lembo na wenzake walichapisha matokeo yaliyosema wazi kwamba katika maeneo kama yetu karibu mbwa wote wana wenyewe, na wanaweza kushikwa na kuchanjwa.

Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya chanjo hahitaji kusoma chapisho hilo. Kuanzia saa mbili asubuhi watoto wanaanza kumiminika chini ya mti, kila mmoja na mbwa wake. Huyu amemfunga kwa kamba ya katani, huyu kwa kipande cha khanga, yule amembeba begani kama mwanambuzi. Na yule mbwa unayemwona kila siku buchani akigombania mifupa, ambaye ungeapa kwamba hana kwao, anakuja akiburutwa na binti wa miaka 10 anayemwita kwa jina, na ambaye akimbana kichwa katikati ya magoti, mbwa anatulia tuli mpaka sindano ichomoke.

Kwa hiyo anayetupwa barabara ya Tarime usiku ametoka kwenye ua wa mtu. Anayeachwa sokoni kwenye kiroba ametoka kwenye ua wa mtu. Wenzetu wana vituo vya mbwa waliotupwa. Pale Usa River, karibu na Arusha, lipo shirika la Mbwa wa Africa. Nairobi, mtaa wa Karen, ipo KSPCA, ambayo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1910. Kituo kina faida moja kubwa kuliko vyumba na chakula: muda. Mbwa anakaa, anatazamwa, anajulikana, ndipo anakabidhiwa mtu. Huku kwetu mbwa anahama ua mmoja kwenda mwingine kwa nusu saa, ndani ya gunia, nyuma ya bodaboda. Hakuna wa kumtazama kwa wiki tatu. Kinachobaki ni kinywa cha anayemtoa, na kinywa hicho, kama nilivyofanya mimi, husema sifa kikameza kasoro.

Tunaficha kasoro kwa sababu tunaogopa mbwa atakosa wa kumchukua. Mimi nimejifunza kinyume chake, na ningependa mnisikilize vizuri hapa: kasoro ndiyo inayotuonyesha mlango wa kubisha. Sifa hazituonyeshi kitu. Mbwa mzuri, mlinzi, mwaminifu, huyo anafaa kila nyumba, maana yake hujamwambia mtu lolote. Lakini mbwa asiyetaka mtu karibu na chakula chake, huyo tayari amekuchagulia: nyumba ya watu wazima, wenye kibanda chenye mlango wa kufunga, ambao watamwekea chakula ndani na kumwacha mpaka amalize. Zipo nyumba hizo hapa Mugumu. Ningemtafutia Bosi moja, leo tungekuwa tunamzungumzia mbwa aliyekufa kwa uzee.

Sasa, ukali ni nini hasa? Ukimuuliza mwenye mbwa atakuambia kazaliwa hivyo. Nasaba ina sehemu yake, sikatai. Ila katika mbwa niliowaona kwa miaka yote hiyo, sehemu kubwa ya ukali ilikuwa woga uliovaa meno. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuijua dunia, kuanzia wiki ya 3 hivi hadi ya 12 au 14. Anachokiona kwa wema katika wiki hizo, atakiona cha kawaida maisha yake yote: mwanamke mwenye ndoo kichwani, baiskeli, mzee mwenye mkongojo, kelele za mashine ya kusaga. Tunachofanya sisi ni kumchukua kwa mama yake akiwa na wiki 5, kumfunga nyuma ya choo ili awe mkali, na kumfungulia akiwa na miezi 8. Anatoka akiwa hajawahi kuona lolote. Kila kitu kwake ni adui.

Mbwa mwenye woga ana njia mbili, kukimbia au kukifukuza kile kinachomtisha. Mnyororo unamnyima ya kwanza. Kulikuwa na mbwa katika yadi moja ya mbao, sitaitaja, aliyefungwa kwenye nguzo kwa miaka. Mnyororo wake ulikuwa na urefu wa kama mita mbili. Ardhi kuizunguka ile nguzo ilikuwa imechimbika duara kamili, kina cha kiganja, udongo umekuwa mgumu na kung'aa kama sakafu iliyosiribwa, na nje ya duara majani yalikuwa mabichi. Shingoni nywele zilikuwa zimekwisha. Kila mteja aliyepita alirukiwa. Mwenye yadi akaniita akisema mbwa amekuwa kichaa, ninunue sumu. Nilichofanya ni kuomba waya mrefu utandazwe kutoka nguzo hadi mti wa pili, pete ipite juu yake, na mnyororo uning'inie hapo, ili mbwa aweze kwenda na kurudi na kujificha nyuma ya magogo mtu akimkaribia. Hakuwa mpole. Lakini ndani ya mwezi mmoja aliacha kuruka, akawa anabweka akiwa nyuma ya magogo. Huyo hakuhitaji kuhamishwa nyumba. Alihitaji mita kumi.

Jambo jingine tunalolikosea ni kunguruma. Mbwa akinguruma tunampiga. Kunguruma ni hodi ya mbwa. Anakuambia, nimekuona, usisogee. Na kabla ya hodi hiyo huwa ameshasema mengi kwa ukimya: amelamba pua wakati hakuna chakula, amepiga miayo wakati hana usingizi, amegeuza uso pembeni, amekauka. Hata mkia kutikisika si furaha daima. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotikisika kwa kifupi, ni wa mbwa anayejiandaa. Ukimpiga kwa kunguruma, humwondolei woga. Unamfundisha kuingia bila hodi. Mbwa wanaosemwa kwamba waliuma bila dalili, wengi wao walifundishwa na fimbo kuacha dalili.

Kabla hatujafika kwenye nyumba mpya, lazima niseme neno la kidaktari. Mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ndani ya siku mbili, anayeng'ata mbao na mawe, anayetokwa na mate na kushindwa kumeza, ambaye sauti yake imebadilika, au yule wa porini aliyeingia ghafla nyumbani kwa watu kama mgeni aliyealikwa, huyo hatafutiwi nyumba. Huyo anaripotiwa saa ileile. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wengi wao watoto, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, si kwa kuloweka kitambaa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa ni wako. Mbwa aliyeuma na aonekanaye mzima afungiwe mahali salama atazamwe kwa siku 10. Bosi alipigwa rungu kichwani, na ubongo wake ndio ungepimwa maabara. Tuliua mbwa pamoja na jibu. Mtoto yule ilibidi achomwe sindano zote, na mama yake ahesabu siku bila kujua.

Zipo pia sababu ndogo ambazo watu hawazifikirii: jino bovu, kidonda cha sikio, mfupa uliovunjika ukaunga vibaya. Mbwa wa namna hiyo anauma anaposhikwa mahali fulani tu. Mkague kwanza.

Sasa twendeni jirani, kwenye mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyotangazwa rasmi mwaka 1994. Wengi wenu mna ndugu wanaofanya kazi kule. Najua pia kwamba humu ndani wapo waliokamatiwa ndugu zao kwa ajili ya nyamapori, na sijaja kusikiliza upya kesi hizo. Nimekuja na mfano wa mbwa.

Kufikia mwaka 2018 taasisi ya Grumeti Fund ilikuwa na kikosi cha mbwa wa kunusa, kilichoanzishwa pamoja na shirika la Working Dogs for Conservation lenye makao katika jimbo la Montana, Marekani. Shirika hilo lina desturi moja iliyonigusa sana niliposikia habari zake. Hupita kwenye vituo vya mbwa waliotupwa na wenyewe, na huko halimtafuti mbwa mtulivu. Linamtafuta yule aliyeshindikana. Yule anayetafuna viatu na miguu ya meza, anayeruka uzio, anayemletea bwana wake mpira mara mia kwa siku na kulia usiporushwa. Familia inayoishi katika nyumba ndogo humvumilia mwezi mmoja, kisha humrudisha na kuandika: hatulii.

Jaribio lake ni rahisi kulieleza. Unarusha mpira kwenye nyasi ndefu, pasipoonekana. Mbwa wa kawaida atautafuta dakika moja, atachoka, atarudi kunusa viatu vyako. Yule mwenye wazimu wa mpira hataacha. Atazunguka, atarudi, atachimbua, ulimi nje, kana kwamba hakuna kingine duniani. Wazimu huohuo uliomfukuzisha nyumbani ndio unaoajiriwa. Anafundishwa kwamba mpira unatoka mahali penye harufu fulani: pembe ya ndovu, magamba ya kakakuona, bunduki na risasi, nyamapori, nyaya za mitego. Ukimleta kwenye gari barabarani, watu wangepakua mizigo kwa saa nzima, yeye analizunguka, anachomeka pua chini ya kiti, anakaa chini na kumtazama mlezi wake. Mshahara ni mpira. Na askari wa kwetu, aliyekulia mahali ambapo mbwa hashikwi shikwi na mtu mzima hadharani, inambidi ajifunze kucheza naye, kumvutia mpira kama mtoto na kumsifu kwa sauti nyembamba mbele ya wenzake. Asipocheza, mbwa hatafanya kazi. Nyumba imempata mbwa, na mbwa naye amemlea upya mwenye nyumba.

Lakini msiondoke hapa mkisema kila mbwa aliyeshindikana ni shujaa aliyefichika. Wengi hupimwa, wachache huchaguliwa. Mbwa anayeogopa watu au kuwauma hachukuliwi kazi hiyo, kwa sababu atafanya kazi katikati ya watu. Bosi asingechukuliwa. Halafu kuna gharama ya nchi yenyewe. Mbwa aliyezaliwa kwenye theluji hajui mbung'o, na ugonjwa wao wa nagana huua mbwa kama unavyoua ng'ombe. Kupe wetu nao wana magonjwa yao. Hata kwa tabia inayofaa kabisa, mbwa huyo akikosa dawa na uangalizi hatamaliza msimu. Ninalolichukua kwao ni hili moja: waliiandika kasoro bila kuona aibu, wakaizungusha mikononi, wakauliza ni mahali gani duniani kasoro hii inahitajika.

Tulifanye hapa kwetu. Mbwa anayebweka usiku kucha ni adhabu kwenye nyumba ya wapangaji karibu na gesti. Mpeleke boma la pembeni ambako fisi wanakuja kila siku ya tatu, watu watamshukuru. Anayekimbiza mbuzi asipelekwe kwa mfugaji hata kama mfugaji mwenyewe anamtamani. Huyo ni wa yadi, wa stoo, wa mashine ya kusaga. Anayeua kuku ndiye mgumu kuliko wote Mugumu, maana nani hapa hana kuku?

Nilipata mbwa jike aliyewaogopa wanaume. Akiona mwanamume ameshika kitu kirefu, hata jembe, alijikojolea na kisha kuuma. Wanaume wote waliokuja kumtazama walitaka kumwonyesha nani bwana. Mwishoni alikuja bibi mmoja mjane, anayeishi na wajukuu wawili wa kike waliokwisha kuwa wakubwa. Sikumkabidhi mbwa. Nilimwomba aje kila jioni. Bibi akaja na kigoda chake, akakaa hatua kama kumi kutoka kwa mbwa, akampa mgongo, akaanza kuchambua mboga za majani mapajani. Kila baada ya muda alirusha dagaa mmoja nyuma bila kugeuka. Siku ya kwanza dagaa walibaki chini mpaka sisimizi wakawachukua. Siku ya tatu waliliwa baada ya bibi kuondoka. Siku ya sita nikiwa dirishani nilimwona mbwa akitambaa, tumbo likigusa ardhi, mpaka akanusa ncha ya khanga ya bibi. Bibi hakugeuka, aliendelea kuchambua mchicha. Ndipo nikajua nyumba imepatikana, kwa sababu mtu anayeweza kutogeuka wakati huo ndiye anayemfaa mbwa wa namna ile.

Jirani naye aulizwe. Yeye hakumchagua mbwa, lakini ndiye atakayekutana naye njiani alfajiri. Jirani Mwislamu anayekwenda msikitini na nguo safi hapaswi kulambwa na mbwa wako mchangamfu. Dini yake inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, kwa hiyo mazungumzo hayo si magumu kama watu wanavyodhani; magumu ni yale yanayofanyika baada ya nguo kuchafuka. Nenda kabla. Mwambie mbwa atalala wapi na uzio utakuwa na urefu gani.

Chanjo iwe kabla ya safari, na si siku ya safari. Mbwa aliyeambukizwa kichaa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, haonyeshi kitu. Watu wa Pemba walikuwa wamefanikiwa kukifuta kichaa kisiwani kwa kuchanja mbwa, na mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa, ikawabidi waanze kazi upya miaka miwili mingine. Mbwa haogelei kutoka bara hadi Pemba. Mtu ndiye anayempandisha chomboni, kama mtu ndiye anayempandisha bodaboda kutoka Tarime kuja hapa.

Na mbwa akishafika kwake, usimsifu mapema. Siku tatu za kwanza wengi hawali vizuri, wamejikunja pembeni, na watu husema ni mpole. Hajawa mpole, amepigwa na bumbuwazi. Tabia yake utaiona baada ya wiki tatu hivi. Ndiyo maana siku hizi, ninapomkabidhi mtu mbwa, ninarudi siku ya tatu, na ninarudi wiki ya tatu, na ninamwambia mbele ya mkewe au mumewe: akikushinda mrudishe kwangu, saa yoyote, sitakuuliza kwa nini. Aliyenirudishia mbwa sijawahi kumwona mshindwa. Ameniokoa na swali la yule mama wa Nata.

Wapo ambao hawana mahali. Mbwa aliyeuma vibaya mara kadhaa, watu tofauti, akiwa na afya, na aliyejaribiwa kwa subira, sitampeleka kwa mtu yeyote ili dhamiri yangu ipumzike. Huyo alale kwa sindano ya daktari wa mifugo, akiwa ameshikwa na anayemjua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso, na rungu ni mateso. Nimefanya hivyo mara mbili. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Nimalizie kwa jambo lililonifanya nikubali mwaliko wa leo. Nyumbani kwangu yuko mbwa anayeitwa Chui. Hana madoa, aliyempa jina alimtakia ukali. Ana umri wa kama miaka 4, mweusi, kidevu cheupe. Amehasiwa, amechanjwa mwezi wa pili, cheti chake ninacho mfukoni. Ameuma mtu mmoja, kijana aliyemnyooshea fimbo, mkononi, nyuzi nne. Hana neno na wanawake. Hana neno na mbuzi, hulala nao. Kuku anawaua, ameshakula watatu wa mke wangu na mmoja wa jirani, niliyemlipa. Radi ikipiga anachimba chini ya mlango mpaka kucha zinatoka damu, kwa hiyo masika yote anahitaji mahali pa giza pa kujificha. Pikipiki inamtia wazimu. Hafai nyumba ya barabarani, wala yenye mtoto chini ya miaka 10. Namtafutia boma la mbali kidogo na njia kuu, watu wazima, mbuzi wapo, kuku hawapo au wamefungiwa.

Anayedhani ni wake asije na kamba. Aje kesho jioni, kwenye saa kumi na moja ambapo huwa ametulia, akae kwenye benchi nje ya uzio. Aje tena Jumamosi. Mara ya tatu aje na wote wanaolala nyumba hiyo, na dagaa kidogo kwenye mfuko. Fimbo aziache kwa mwenye duka la kona, nimeshaongea naye.